Kuigeuza Brainfuck iwe Python: maamuzi kwanza, kuandika programu baadaye

Wadau, mtu akiniuliza aanzie wapi kuelewa kompaila (programu zinazogeuza lugha moja ya kompyuta kuwa nyingine) zinavyofanya kazi, namwambia achukue lugha ya programu inayoitwa Brainfuck aigeuze iwe Python. Jina ni tusi, najua, wengi wanaandika BF tu na mimi nitafanya hivyo hivyo. Aliyeitengeneza ni Urban Müller mwaka 1993, alitaka lugha ambayo kompaila yake itakuwa ndogo kupita kiasi kwenye kompyuta za Amiga, ndo maana ina alama nane basi: > < + - . , [ ]. Kuna seli za memori zimepangwa mstari mmoja, zote zinaanza na sifuri, na pointa moja inayotembea juu yake.

Ukiona alama nane unajua kazi imeisha, p ikiwa pointa na t listi ya seli, > inakuwa p += 1, + inakuwa t[p] += 1, < na - ni kinyume chake, nukta inachapa herufi ya seli, koma inasoma herufi moja, [ inakuwa while t[p]: (lupu, rudia mpaka seli iwe sifuri) na ] inapunguza nafasi za kuingiza mstari. Hiyo sehemu kweli ni fasta. Kazi yenyewe ipo kwenye yale ambayo hizo alama hazisemi, na hapo ndo nataka mkae kidogo kabla hamjafungua faili.

Angalia hii: [+]. Kwenye BF ya kawaida seli ni baiti moja, ikifika 255 ukaongeza moja inarudi sifuri, kwa hiyo hiyo lupu inaisha. Ukiipeleka kwenye listi ya Python namba inapanda tu haina mwisho, na ukisema utumie bytearray inakugomea na ValueError ukipita 255. Andika t[p] = (t[p] + 1) & 255 na mambo yanakaa sawa. Ila inayonitisha zaidi ni <. Pointa ikiwa kwenye sifuri halafu ikarudi kushoto, Python haisemi kitu, inasoma t[-1] yaani seli ya mwisho kabisa na programu inaendelea kama kawaida, utakuja kushangaa majibu mbele huko. Weka ukaguzi wa p < 0 ukiwa unajaribu, ukishaamini programu ndo uutoe.

Kutoa herufi nako usitumie print, inaongeza mstari mpya, na hata ukitumia chr ikizidi 127 unapata baiti mbili za UTF-8 (namna ya kuandika herufi kwa baiti) badala ya moja. Tumia sys.stdout.buffer.write. Halafu kumbuka kila kisichokuwa kwenye zile nane ni maelezo tu, lakini nukta na koma ndani ya maelezo ni amri kamili, kwa hiyo chuja alama kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa utamu wenyewe. Chukua ++++++++[>++++++++<-]>+. hii inachapa A, 8 mara 8 ni 64, ongeza moja 65. Ukigeuza alama kwa alama unapata mistari mingi ya kuongeza moja moja, na Python kila mstari inaulipia muda. Kusanya zinazofuatana, plasi nane ziwe + 8 mara moja. Kisha tafuta [-] uiandike t[p] = 0. Kisha ile lupu nzima ukiona pointa inarudi ilipoanzia, na seli ya mwanzo inapungua moja tu kila raundi, na hamna kusoma, kuchapa wala lupu nyingine ndani, hiyo siyo lupu tena, ni kuzidisha: t[p+1] = (t[p+1] + t[p]*8) & 255, halafu t[p] = 0. Mimi hapa huwa nafurahi kweli, unaona kabisa alichokuwa anafikiria aliyeandika.

Lupu tupu weka pass la sivyo Python inakataa. Na lupu zikiingiana zaidi ya ishirini hivi CPython (Python ya kawaida) inakwambia too many statically nested blocks, hapo za ndani zitoe uzifanye fankisheni zinazorudisha p.

La mwisho ni koma ikikuta data imeisha. Kuna wanaoweka sifuri, kuna wanaoweka -1, kuna wanaoiacha seli ilivyokuwa, na programu za BF zimeandikwa kwa kutegemea mojawapo. Fanya iwe chaguo kwenye kigeuzi chako, halafu kijaribu kwa programu tatu zinazorudisha kilekile ulichoandika: ,[.,] ni ya wanaoweka sifuri, ,+[-.,+] ni ya -1, na ,[.[-],] inakubali sifuri na hata seli ikiachwa ilivyo. Ikitokea moja inazunguka bila kuisha, usiguse lupu zako, angalia kwanza umechagua ipi.