Yatima na mjane: jibu kwa binti yangu aliye Marekani

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Unasema mchungaji wenu alihubiri Yakobo 1:27, ibada ilipokwisha familia kadhaa zikajiandikisha kuasili watoto kutoka Afrika, yaani kuwafanya wanao kisheria, na wewe na mwenzako mkaandika majina. Umeuliza kama kuja kumchukua mtoto Tanzania ni kulitii Neno, na kama ndivyo, muanzie wapi.

Nianze na mstari wenyewe. Yakobo hakumtaja yatima peke yake. Alisema "yatima na wajane katika dhiki yao". Hao wawili aliwaweka pamoja kwa sababu mara nyingi wanaishi nyumba moja. UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Mwaka 2015 walikadiriwa kufika milioni 140 duniani, na kati yao waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa kama milioni 15. Hata hao wengi wao wanalelewa na bibi, shangazi au kaka mkubwa. Watoto wengi walioko kwenye makao ya watoto wana mtu wao, aliyewapeleka kwa kukosa ada, maziwa au dawa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za mtoto, uliza habari za watu wake: ni akina nani, wako wapi, na ni msaada gani walipewa wamlee wenyewe ukashindikana.

Hapa ndipo watu wema wanapokosea, na naomba usome taratibu. Kwetu kumpeleka mtoto kwa mjomba mjini akasome ni jambo la kawaida. Mtoto anabaki wa ukoo wake, likizo anarudi, na akikua anawatunza waliomzaa. Dalali anayetafuta watoto anaijua desturi hiyo vizuri. Anamwambia mama mjane kwamba wazungu wa kanisa watamsomesha mwanawe, kisha anamwekea karatasi ya Kiingereza atie dole gumba. Mama ameelewa shule, ilhali karatasi inasema amekata uzazi wake moja kwa moja. Na kwa kuwa fedha hulipwa kwa kila mtoto anayeondoka, dalali na mwenye makao hutafuta mtoto wa kuuza, na asipopatikana yatima hutengenezwa kwa karatasi.

Haya yametokea mbele ya macho ya dunia. Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wabaptisti kumi kutoka Marekani walikamatwa wakivusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali. Ikaonekana wengi wa watoto hao wana wazazi walio hai. Korea Kusini, ambako Wakristo wa Marekani walianza kuasili kwa wingi baada ya vita vya miaka ya 1950, tume ya ukweli ya nchi hiyo ilieleza Machi 2025 kwamba watoto walipelekwa nje kwa kumbukumbu za kughushi, wengine wakiandikwa yatima huku wazazi wapo. Ndiyo sababu milango imefungwa: Kenya ilisimamisha kuasili kwa wageni Novemba 2014, Uganda ilibana sheria yake mwaka 2016, Ethiopia ikapiga marufuku mwaka 2018. Marekani ilipokea watoto karibu 23,000 mwaka 2004. Mwaka 2023 hawakufika 1,300.

Sasa sheria ya kwetu. Tangu ulipoapa uraia wa Marekani, Tanzania inakuhesabu mgeni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, amlee kwanza mtoto kwa malezi ya kambo, yaani ya muda, chini ya afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, na ithibitike kwamba mtoto hakupata familia ya kumlea hapa hapa. Maombi hupitia kwa afisa ustawi wa jamii hadi kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, kisha Mahakama Kuu ndiyo inayotoa amri, na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ndiyo inayoandikisha. Mtu akikuahidi kuipita hiyo miaka mitatu, au kukupatia amri ya ulezi tu ili utoroke na mtoto, mkimbie.

Upande wa Marekani nao una kipimo chake. Anayeomba awe raia. Tathmini ya familia hukagua nyumba, kipato, afya na rekodi ya uhalifu, na tangu Julai 2014 lazima ifanywe kupitia wakala aliyeidhinishwa, hata mtoto akitoka nchi isiyo kwenye Mkataba wa Hague wa 1993 wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi. Ombi la mtoto huwasilishwa kabla hajatimiza miaka 16, isipokuwa kama mmeshamwasili ndugu yake wa tumbo moja. Na mtoto mwenye mzazi mmoja hai hupata viza ya yatima pale tu mzazi huyo hana uwezo wa kumtunza na ametoa ridhaa ya maandishi isiyotenguliwa. Hapo ndipo wengi wa huko ughaibuni hukwama wanapotaka kumchukua mtoto wa dada: dada yupo, anaishi, na viza haitoki.

Kuhusu kanisa lenu nasema kwa uchungu kidogo. Makanisa hukusanya makumi ya maelfu ya dola kumleta mtoto mmoja, wakaimba uwanja wa ndege, na baada ya mwezi wa pili familia imebaki peke yake. Mtoto aliyetoka kwenye makao huficha chakula chini ya mto, halali usiku, au humkumbatia kila anayepita. Waumini wataona kwamba ana upendo mwingi. Kumbe hajajua bado mama yake ni nani. Miezi ya mwanzo wazazi pekee ndio wamlishe, wamwogeshe na kumbeba, na washirika wasimpokezane mikononi. Msaada wa kweli ni chakula kuletwa mlangoni kwa miezi mitatu, familia mbili zilizokaguliwa na kufunzwa za kuwapumzisha baadaye, na mfuko wa kulipia mshauri wa watoto kwa miaka.

Mengine ni mepesi kuyataja na magumu kuyashika. Vipimo vyote vya afya virudiwe huko, pamoja na selimundu na kifua kikuu. Jina alilopewa na mama yake libaki hata akibatizwa. Msiruhusu habari zake zitolewe kama ushuhuda madhabahuni, wala aambiwe kwamba aliokolewa kutoka Afrika. Historia ni yake, ataisimulia akitaka. Mtoto wa miaka mitatu husahau Kiswahili ndani ya miezi michache, basi muongeeni nacho nyumbani. Hati ya uraia wake ipatikane mapema. Sheria ya Marekani iliyoanza Februari 2001 iliwaacha nje walioasiliwa waliokuwa wametimiza miaka 18, na wapo waliorudishwa Korea, nchi wasiyoijua hata lugha.

Basi jibu langu kwa sasa: msije kumtafuta mtoto. Kama moyo ni wa kulea, ulizeni ustawi wa jamii wa jimbo lenu, kuna watoto wanaosubiri familia karibu na kanisa lenu. Kama moyo uko kwa watoto wa huku, mwombe mchungaji sehemu ya michango ipitie jumuiya za usharika wetu, ambazo hukutana nyumba kwa nyumba na zinamjua kila mjane kwa jina: bima ya afya, sare na ada, mtaji mdogo, nauli ya kumrudisha mtoto kutoka kwenye makao. Nitumieni kwanza barua ya mchungaji yenye jina la mhusika wa fedha na namna atakavyotoa hesabu. Baraza la wazee haliwezi kujadili bila hiyo.

Msalimie mkwe wangu.

Baba yako