Anko Anajibu: Huyu ripota kaajiriwa na nani?

SWALI: Anko shikamoo. Mi niko mwaka wa pili nasomea uandishi wa habari hapa Morogoro. Juzi lekchara katugusia kwamba serikali ya Marekani ilishawahi kulipa kampuni ya PR (zile kampuni za kumjengea mteja sifa kwa umma) itengeneze habari za TV, alafu vituo vikazirusha kama vyao. Wenzangu wanasema kama kilichosemwa ni kweli shida iko wapi? Naomba unifafanulie. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Lekchara yuko sahihi, na kesi maarufu ni ya mwanzoni mwa 2004. Rais George W. Bush alikuwa kasaini Desemba 2003 sheria ya kuwasaidia wazee gharama za dawa kupitia Medicare, ile bima yao ya afya, na sheria yenyewe ilikuwa inapigwa madongo kweli kweli, basi wizara ya afya ikalipia video, kampuni ya Home Front Communications ikaitengeneza. Ukiiangalia ni habari kabisa: Bush anasaini watu wamesimama wanapiga makofi, wazee wanapimwa presha, wanaongea na mfamasia, mwisho sauti ya mwanamke inafunga kwamba ni Karen Ryan anaripoti kutoka Washington. Kumbe Karen Ryan hakuwa ripota wa kituo chochote, ni mtu wa PR kalipwa asome skripti.

Na hawakuishia hapo, mpaka maneno ya mtangazaji wa studio waliyaandika, yeye kazi yake ni kusoma tu na kumkaribisha "ripota". Ya Kihispania pia ilikuwepo, na jina lake la ripota. Vituo kama 40 vilirusha, kipande au yote. Usishangae, stesheni ndogo ina ripota wawili na taarifa ya nusu saa ya kujaza kila siku, ukiletewa stori ya bure imeshahaririwa mkono unakuwa mwepesi.

Mei 2004 wakaguzi wa Bunge, GAO, wakasema hiyo ni propaganda ya kificho na pesa ya umma imetumika kinyume cha sheria. Wizara ikajitetea eti vituo vilijua video imetoka wapi. Sawa, vilijua, ila yule bibi aliyekaa sebuleni ambaye ndo alikuwa analengwa nani alimwambia? Hapo ndo jibu la wenzako lilipo. Sio lazima kuwe na uongo, mtu anayejisifia ukijua ni yeye unasikiliza kwa sikio lingine. Ila wasijione wako peke yao, mwaka 2005 wanasheria wa wizara ya sheria ya Marekani nao walisema kama ni maelezo ya kweli tu haina neno, wakapingana na GAO waziwazi.

Sasa ukifika deski usidhani hivi vitu ni vya Marekani tu. Mi nilishaletewa flashi na afisa habari wa ofisi moja, stori imeshasomwa, sauti tamu, hakuna hata mtu mmoja anayelalamika ndani yake. Nikaitoa sauti nikabaki na picha, nikapiga simu kwa watu wanaohusika na huo mradi wakaongea yao, na kwenye skrini tukaandika picha zimetoka kwa nani, mwanzo mpaka mwisho. Afisa hakunipigia simu miezi miwili.