Historia ya sanaa isomwe na mkono pia

Swali la juma hili limeuliza iwapo kijana anayejiunga na chuo kusomea uchoraji, uchongaji au ufinyanzi ana haja ya kuingia darasa la historia ya sanaa, au kama saa hizo zingemfaa zaidi akiwa studio na brashi mkononi. Nilisomea yote mawili, na jibu langu ni kwamba historia inamfaa mno mwanafunzi huyo, ila kwa sharti moja: isomwe kama habari za watu waliofanya kazi kwa mikono yao, kwa vifaa walivyokuwa navyo, chini ya masharti ya zama zao. Ikifundishwa kama orodha ya majina na miaka ya kukariri kwa ajili ya mtihani, basi wanaolalamika kwamba inawapotezea muda wana haki ya kulalamika.

Nianze na rangi, kwa sababu hapo ndipo jambo hili lilipoanza kunielea. Katika darasa la historia tulionyeshwa picha zilizochorwa juu ya mbao huko Italia katika karne ya 14, zikiwemo za Duccio, ambaye picha yake kubwa ya madhabahu iliwekwa katika kanisa kuu la Siena mwaka 1311. Ukizitazama kwa karibu nyuso zilizomo, utaona mistari myembamba sana iliyolazwa sambamba, ikifuata mviringo wa shavu na pua, na penye kivuli utaona ukijani unaochungulia chini ya rangi ya ngozi. Anayetazama tu ataandika katika daftari lake kwamba huo ulikuwa mtindo wa wakati ule, kisha atafungua ukurasa mwingine. Lakini mpe mwanafunzi huyo kiini cha yai, maji na unga wa rangi, umwambie apake juu ya ubao uliolainishwa kwa jasi na gundi. Atagundua kwamba rangi hiyo hukauka karibu papo hapo, wala haikubali kuchanganywa na nyingine palepale ubaoni kama ifanyavyo rangi ya mafuta. Akitaka shavu ligeuke taratibu kutoka mwangani kuingia kivulini, hana budi kulaza mstari juu ya mstari kwa brashi nyembamba mpaka jicho la mtazamaji lenyewe liziunganishe rangi hizo. Ule ukijani nao ulipakwa kwa makusudi, tabaka zima, kabla ya waridi kuwekwa juu yake, kwa kuwa kijani kilicho chini ya wekundu huipa ngozi uhai. Karne zilipopita, tabaka la juu likafifia au kuchakaa, na la chini likajitokeza. Mwanafunzi aliyelijaribu hili mara moja hatatazama tena picha za zama zile akidhani kwamba wachoraji wake walipenda nyuso za wagonjwa, wala hatahitaji kukariri tofauti kati yake na picha za mafuta zilizokuja baadaye, kwa sababu tofauti hiyo ameipitia kwa vidole vyake.

Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba historia humwonyesha mwanafunzi wa studio asili ya vitu anavyovishika kila siku bila kuvifikiria. Buluu iliyothaminiwa kuliko zote kwa wachoraji wa Ulaya ilisagwa kutoka jiwe la lapisi lazuli, ambalo lilichimbwa katika milima ya Badakhshan, Afghanistan, na kwa sababu ya gharama yake haikupakwa ovyo. Aghalabu ilitengewa mavazi ya Bikira Maria. Mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alituzwa kwa kupata njia ya kuitengeneza kiwandani, na tangu hapo buluu ile ikaanza kufika mikononi mwa wachoraji wasio na wafadhili matajiri. Mwaka 1841 John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alisajili hataza ya kijibomba cha bati cha kuhifadhia rangi ya mafuta, na hivyo ikawa rahisi kuchukua rangi nyingi tayari na kwenda kuchora nje, chini ya jua. Anayefahamu haya hufungua kijibomba chake cha rangi akijua kwamba kipo kwa sababu fulani, na kwamba kupatikana kwake kulibadilisha mahali pa kuchorea, mwendo wa kuchora, na hata mambo yaliyoonekana yanafaa kuchorwa.

Nataka pia kuzungumzia ukubwa, maana hapa darasa la historia lina udhaifu ambao studio huuponya. Picha ya Mona Lisa ina urefu wa sentimita 77 na upana wa sentimita 53. Guernica ya Picasso, ya mwaka 1937, ina urefu wa karibu mita 3.5 na upana wa zaidi ya mita 7.7. Kitabuni na kwenye skrini ya ukumbi wa mihadhara zote mbili hukaribia kulingana, na mwanafunzi anaweza kumaliza shahada akizibeba kichwani kama picha za kimo kimoja. Aliyewahi kusimama mbele ya turubai linalomzidi kimo, akalazimika kupanda ngazi ili afikie kona yake ya juu na kurudi nyuma hatua kadhaa kila mara ili aone alichokifanya, anafahamu kwamba ukubwa ni uamuzi, na kwamba uamuzi huo huusumbua mwili mzima. Ndiyo maana nashauri kila kazi inayofundishwa darasani ipimwe sakafuni au ukutani kwa chaki kabla ya kuanza kujadiliwa. Ni zoezi la dakika chache, na hubadilisha mazungumzo yote yanayofuata.

Wapo watakaosema kwamba mifano yangu inahusu vifaa tu, na kwamba mtu angeweza kuyajua hayo kutoka kwa fundi wa rangi bila kumhitaji mwanahistoria. Basi tuitazame studio yenyewe. Katika vyuo vingi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukaa darasa la kuchora mwili wa binadamu bila kujiuliza ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kukaa hapo. Chuo cha sanaa cha kifalme cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1768, na miongoni mwa waasisi wake walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Johann Zoffany alipowachora wanachama wa chuo hicho mwanzoni mwa miaka ya 1770, aliwakusanya wanaume katika chumba cha kuchorea, wakiwa na wanaume walioketi uchi ili wachorwe. Kauffman na Moser hawamo kati yao. Zoffany aliwaweka ukutani, kama picha mbili zilizotundikwa, kwa kuwa haikuonekana heshima mwanamke kuingia chumba kile. Shule za chuo hicho zilisubiri mpaka mwaka 1893 kuwafungulia wanafunzi wa kike darasa la kumchora mtu aliye hai, naye akiwa amefunikwa sehemu ya mwili, na mwanamke mwingine hakuchaguliwa kuwa mwanachama kamili mpaka Laura Knight mwaka 1936. Katika makala yake ya mwaka 1971, mwanahistoria Linda Nochlin alionyesha uzito wa jambo hili: picha zilizohesabiwa kuwa za daraja la juu kabisa zilijaa miili ya binadamu, na aliyezuiwa kujifunza kuuchora mwili alikuwa amezuiwa tangu mlangoni. Mwanafunzi anayelijua hili huchukua mkaa na karatasi kwa moyo mwingine. Kwangu mimi hakuna mhadhara wa historia ulionifanya niheshimu saa zangu za studio kuliko huo.

Mkono nao humlinda mwanahistoria asiseme upuuzi. Mwaka 1910 mtafiti Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, huko Nigeria, na sanaa aliyoiona pale ilimshangaza kwa uhalisi wake hata akaihusisha na Atlantis, kisiwa cha hadithi za Wagiriki, badala ya kuihesabu kuwa kazi ya mababu wa watu waliokuwa mbele yake. Anayesimulia kisa hiki huishia mara nyingi kwenye dharau iliyomo, na dharau ipo kweli. Lakini mwanafunzi aliyewahi kumimina shaba huona jambo la ziada. Umbo hutengenezwa kwa nta, hufunikwa kwa udongo, huchomwa mpaka nta iyeyuke na kutoka, kisha shaba iliyoyeyushwa humiminwa katika uwazi uliobaki, na kalibu huvunjwa. Kosa moja la joto au la njia ya hewa, na kazi yote imepotea. Baadhi ya kazi za Ife zimemiminwa kwa shaba nyekundu karibu tupu, ambayo ni ngumu kumimina kuliko shaba iliyochanganywa na zinki. Kazi ya namna hiyo haizuki ghafla kutoka kwa mgeni mpita njia. Inahitaji karakana, walimu, wanagenzi, na watu waliokosea na kurudia kwa vizazi.

Kuhusu hofu kwamba kusoma kazi za wengine kutaua ubunifu wa kijana, sina mengi ya kusema. Mwaka 1957 Picasso, aliyekwisha kutimiza miaka 75 na ambaye hakuwa na la kumthibitishia yeyote, alianza mfululizo wa kazi 58 akiirudia na kuigeuza picha ya Las Meninas ya mchoraji Mhispania Velázquez, ya mwaka 1656. Kunakili kwa makini ni njia ya kufikiri, na ndipo mahali ambapo masomo haya mawili hukutana waziwazi kuliko popote.

Kwa hiyo anayechagua chuo aulize kabla ya kukubali nafasi: je, mhadhiri wa historia huingia studio siku ya uhakiki wa kazi za wanafunzi? Je, wanafunzi hupelekwa makumbusho wakiwa na daftari za kuchorea, au huonyeshwa picha kwenye skrini mwaka mzima? Akijikuta katika chuo ambako idara hizi mbili hazisemezani, ajipangie mwenyewe: kila juma achague kazi moja kati ya zilizofundishwa, ainakili kwa penseli au rangi, aandike pembeni mahali mkono wake ulipokwama, kisha swali hilo alipeleke kwenye mhadhara unaofuata na kuliuliza mbele ya wenzake.