LLC ya mke na mume: tazameni jimbo kwanza

Faini ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilitukuta mimi na mume wangu tukidhani tumemaliza kila kitu. Tuna nyumba ya milango miwili hapa Columbus, Ohio, yenye wapangaji pande zote, na LLC, yaani kampuni inayotenganisha mali zetu binafsi na madeni ya biashara, tuliisajili wenyewe mtandaoni kwa dola 99.

Kwenye kodi tulimwiga shemeji yangu wa Texas. Yeye na mkewe wana LLC kama yetu, na pango wanaliandika kwenye Schedule E, ukurasa wa mapato ya pango, ya fomu yao ya kodi ya kila mwaka, basi. Lakini Texas ni kati ya majimbo 9 ambako mali iliyochumwa ndani ya ndoa kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya wote wawili, na tangu 2002 IRS inawaruhusu wanandoa wa huko kuichukulia LLC yao kama ya mmiliki mmoja. Ohio haimo. Huku LLC ya wanachama (yaani wamiliki) wawili ni ubia, hata wakiwa mke na mume: Fomu 1065, ripoti ya kodi ya ubia, ifike kufikia Machi 15, na kila mmoja apate K-1 yake, karatasi inayoonyesha sehemu yake ya faida au hasara. Sisi tuliipeleka Julai. Faini inazidi dola 200 kwa kila mwanachama kwa kila mwezi. Tuliandika barua kuomba msamaha wa kosa la kwanza, tukasamehewa.

Mhasibu alitushauri LLC ibaki kwa jina la mmoja wetu, tuepuke 1065. Ni rahisi kweli, ila nilikataa. Nimemwona mama mmoja wa hapa, mumewe kafariki, benki inamwambia jina lake halimo kwenye akaunti ya pango analolikusanya mwenyewe kila mwezi. Mkichagua njia hiyo, andikeni kwenye mkataba wa kampuni nani anarithi hisa, na lini.

Kama nyumba ina mkopo, msihamishe hati kwenda LLC kabla benki haijakubali kwa maandishi. Inaweza kudai deni lote kwa mpigo. Bima nayo ibadilishwe jina siku hiyohiyo.

Na pesa zisichanganywe. Hita ilipoharibika Januari, nililipa fundi kwa kadi ya kununulia chakula kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Mkishtakiwa, risiti kama hiyo ndiyo wakili wa mpangaji atakayoionyesha mahakamani kwamba kampuni ni jina tu. Siku hizi kadi ya LLC iko kwenye bahasha ya risiti, juu ya friji, na fundi hulipwa kwa hiyo tu.