Jibu: Binti wa miaka 5 na laptopu ya zamani

Mkuu, umeuliza uanzie wapi kumfundisha kompyuta binti yako wa miaka 5, laptopu ni ya zamani na bando hutaki liishie hapo. Anzia sakafuni, kompyuta ikiwa imezimwa. Mimi nilijifanya roboti, mwanangu ananiamuru: "hatua mbili mbele, geuka kulia," mpaka nifike kwenye sahani ya maandazi. Akisahau kuniambia nisimame, najigonga ukutani, naye anacheka hadi anakaa chini. Siku ya pili akaanza kuhesabu vigae kabla ya kuamuru. Hapo keshaelewa kwamba mashine haikisii, inafuata ulichosema tu.

Kwenye laptopu weka programu za Tux Paint na GCompris. Zote ni za bure, na ukishazipakua unacheza bila intaneti. Tux Paint ni ya kuchora, na mtoto akihifadhi picha haulizwi jina la faili. Ni jambo dogo, ila kwa asiyejua kusoma ni kubwa sana. GCompris, jina lililochezewa kutoka Kifaransa cha "nimeelewa", ina michezo ya kuzoea mausi na kibodi. Tafuta mausi ya waya, ile padi ya laptopu inasumbua vidole vidogo.

Dakika 20 zatosha. Na usimshike mkono kumsogezea mausi, hata akikosea mara kumi. Hilo ndilo lililonishinda mimi.

Ukipata tableti baadaye, mjaribishe ScratchJr, programu ya watoto ya kujifunza kuipa kompyuta amri, na amri zake ni picha badala ya maneno.