Tarehe ya mzigo kurudi stoo: uiamini kiasi gani?

Unauliza kama usubiri chipu 200 za STM32F103C8T6 (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, ya kuendeshea vifaa), kwa kuwa msambazaji anaonyesha zitafika baada ya wiki 6. Hayo ni makadirio ya kiwanda, si ahadi. Angalia idadi iliyo njiani: zikija 3,000 na waliokutangulia wameagiza 2,900, utapata 100 tu hata tarehe ikitimia. Weka oda leo ushike foleni, kisha kila Jumatatu andika tarehe ya kufika anayoonyesha msambazaji. Ikisogezwa mara mbili, usipange kazi juu yake. Msambazaji akionyesha muda wa kiwanda wa kutengeneza tu, bila idadi aliyoagiza, chukulia hakuna kinachokuja.

Tafuta pia chipu mbadala, STM32F103CBT6: miguu ileile 48, flashi (kumbukumbu ya kuhifadhi programu) KB 128 badala ya 64. Bodi hubadilishi kitu.