Usichomelee bracketi ya pampu kabla ya kupima pembe za propela

Msimamishe huyo fundi wa Jumamosi. Umeandika kwamba atakufungia pampu ya maji kwenye Fuso ya tenki la lita 10,000, PTO (kifaa kinachochukua nguvu ya giaboksi) ubavuni mwa giaboksi, pampu nyuma ya kebini, propela (shafti) ikiunganisha hivyo viwili, na kwamba amekwambia "propela ikipinda kidogo haina neno". Ina neno, tena kubwa. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na nikayaamini, na nilichokuja kulipia si krosi, yaani kiungo cha mwisho wa propela kinachoiruhusu ipinde, bali giaboksi nzima.

Sikiza. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haizungushi sawasawa: katika kila mzunguko inaharakisha na kupunguza, kisha inaharakisha na kupunguza tena. Kwa digrii 10 kasi inapanda na kushuka kama asilimia 1.5, kwa digrii 20 ni asilimia 6. Propela ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hiyo ni mishtuko 50 kila sekunde. Krosi ya pili ipo ili ifute kosa la ile ya kwanza, na inaweza kwa masharti mawili tu: pembe ya upande wa PTO ilingane na ya upande wa pampu, na masikio ya yoki (uma zinazoshika krosi) mbili za propela yenyewe yaelekee upande mmoja. Fundi akiikata propela kuifupisha, kisha akaiunga kwa kukadiria kwa macho, masikio yanapishana na mtetemo unaongezeka badala ya kufutika.

Na mtetemo hauanzi kwa kuvunja propela, ungevunja hiyo tungeshukuru. Unakula oili sili ya PTO, na oili inayovuja hapo ni ya giaboksi, maana PTO haina yake. Dereva akiona tone anadhani ni maji, kwa kuwa chini ya bauza hapakauki. Kiwango kinashuka polepole, beringi za giaboksi zinaungua. Au ganda la PTO linapasuka penye boliti na oili yote inamwagika pampu ikiwa kazini. Hawa wanaosema "mbona hata propela ya nyuma imepinda", ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, wanakula pesa za watu kwa ujinga. Ya nyuma kiwanda kilizipanga pembe zake zilingane. Yako inapangwa na mtu mwenye mashine ya kuchomelea.

Kwa hiyo tafuta kipima pembe chenye sumaku. Kiweke kwenye flanji ya PTO (sahani inayofungwa propela kwa boliti), kisha bomba la propela, kisha flanji ya pampu, uandike digrii za kila kimoja. Toa ya propela kwenye ya PTO, toa ya propela kwenye ya pampu. Majibu mawili yasipishane zaidi ya digrii 1, na hakuna linalozidi 7. Usitafute sifuri pia: beringi za krosi zinahitaji angalau digrii 1 ili zijizungushe, la sivyo zinachimba mahali pamoja. Halafu tazama kutoka juu kwa kamba, kwa sababu pampu iliyokaa kando ya mstari wa PTO nayo imeleta pembe. Splaini, ile sehemu ya propela yenye meno inayoteleza, iwe na nafasi ya kuingia na kutoka, injini inacheza juu ya raba zake. Ikigota inasukuma PTO.

Pembe zikikataa kabisa, ndipo uende haidroliki: pampu ndogo ya mafuta kwenye PTO, hosi, mota kwenye pampu ya maji. Ni ghali zaidi na inataka tenki, filta na kipozeo cha kweli kwa joto letu la Mombasa. Mafuta yakipita digrii 80 sili zinaharibika mapema.

Kasi isome kwenye kibati cha pampu. Ikitaka 1,500 na injini unaitaka 1,200, PTO iwe ya asilimia 125 ya kasi ya injini. Pampu ya feni (inayorusha maji kwa feni inayozunguka ndani) ukiizidishia kasi kwa asilimia 10, nguvu inayodai inapanda kwa theluthi nzima. Tazama na mshale wa mzunguko kwenye pampu.

Gasketi za PTO zisizidi tatu, bila silikoni. PTO ikilia mluzi imebanwa mno kwenye giaboksi, ikigongagonga imelegea. Kaza boliti tena baada ya wiki ya kwanza, na upime oili ya giaboksi siku hiyo hiyo.

Hewa yetu ya chumvi inakula krosi haraka, kwa hiyo grisi kila wiki mpaka ile ya zamani itoke pande zote nne. Injini iwe imezimwa na ufunguo uwe mfukoni mwako. Kikoi kikinaswa na propela inayozunguka, hakuna wa kuwahi kuizima.

Jumamosi fundi aifunge pampu kwa klampu tu. Mpime, msogeze, mpime tena mpaka tarakimu zikubali, ndipo awashe mashine ya kuchomelea.